Nyie hamchungulii kitabu cha mtu kwenye gari? Au ni mie peke yangu?

#1 – Mleta uzi

Asalaam alaykum wakuu.

Nina tabia moja nataka kuiungama leo, maana nimeanza kujishuku. Mtu akifungua kitabu mbele yangu, iwe garini, bandarini Malindi hapa Unguja au kwenye foleni ya benki, situlii mpaka nikijue. Kuuliza naona haya, basi napinda shingo. Kuna siku nilijifanya nainama kufunga kamba za viatu ili nisome jalada kwa chini, na nilikuwa nimevaa makubadhi.

Tangu Idd ya mwaka jana naandika kwenye simu: siku, njia, kitabu. Orodha imefika 43. Kwa mji ambao kila anayepanda gari macho yako kwenye simu, naona si haba.

Kwanza niseme habari ya vyombo vyenyewe. Gari zetu za zamani, zile za mabenchi mawili ya pembeni ambazo mnakaa mkitazamana magoti kwa magoti, hakuna mfano wake kwa kazi hii. Msomaji akiinua kitabu, jalada lote linakutazama wewe. Kwenye Hiace wote mnaangalia mbele, kwa hiyo unachopata ni ukurasa wa jirani, jalada hulioni hata ujinyonge. Nimewahi kusoma kurasa tatu za riwaya ya mtu kutoka Darajani, na mpaka leo sijui inaitwaje. Ninachojua ni kuwa kulikuwa na barua chini ya godoro, na mwenye kitabu akashuka Fuoni kabla haijafunguliwa.

Msahafu siuhesabu. Ramadhani karibu kila gari ina mtu na juzuu yake, midomo inacheza taratibu. Na meli ya Pemba ikishaingia mkondo wa Nungwi, misahafu inafunguka yenyewe. Tangu ajali ya MV Spice Islander ya 2011 hakuna haja ya kuelezana kwa nini. Hapo sipindi shingo.

Vitabu vya skuli navyo sivihesabu. Ukimuona mwanafunzi wa kidato cha sita na Vuta N'kuvute au Kufikirika, huyo hajachagua, amechaguliwa. Mimi namtafuta yule aliyetoa kitabu mkobani kwa hiari yake, hana mtihani, hana mwalimu anayemngoja.

Mmoja wa hao ndiye aliyenifanya nilete uzi huu.

Ilikuwa meli ya usiku kwenda Mkoani, Pemba. Watu wameshatandika mikeka, watoto wamelala juu ya mabegi. Pembeni yangu, chini ya taa, kakaa mzee wa kanzu na koti, miwani mkono mmoja umefungwa uzi. Anasoma. Kitabu kimevishwa gazeti, Zanzibar Leo, pembe zimekunjwa vizuri kama tulivyokuwa tukifanya skuli, na juu ya gazeti hajaandika kitu. Nilihangaika mimi! Nikahamia kulia, nikahamia kushoto, nikajifanya natafuta chaja. Mwisho nikaingiza jicho ukurasani nikaona majina mawili, Bwana Msa na Najum. Basi nikajua ni Muhammed Said Abdulla, lakini kipi katika vitabu vyake? Tangu Mzimu wa Watu wa Kale wa 1960 mpelelezi Bwana Msa na kiko chake ametoka mara kadhaa.

Mzee akalamba kidole, akafungua ukurasa mwingine, kisha bila ya kunitazama akasema, "Na wewe unasoma, au unangoja zamu?"

Nikaomba radhi. Akasema, "Kisima cha Giningi. Kama shida yako jina, ungeniuliza tangu Malindi."

Tukazungumza. Ndipo nikaona kitabu kinaishia hewani, kurasa za mwisho hazipo, zimechanika zikabaki meno tu kwenye mshono. Hadithi ya upelelezi, wakuu, imekatwa mwisho! Nami nimeisoma yote zamani. Nikamwambia kwa furaha, "Mzee wangu, mwisho wake naujua, nikupe?"

Akakifunga kitabu kwa kishindo. "We mtoto umelelewa kweli? Nimekaa nacho miaka yote hii nabahatisha, uje unimalizie kwa dakika mbili?"

Akanambia ana miisho mitatu ya kwake, aliyoitunga mwenyewe. Anasoma mpaka pale palipokatika, halafu anafumba macho anamalizia na mmojawapo, kutegemea siku ilivyokuwa. Akanisimulia yote mitatu mpaka tukaona taa za Mkoani. Mmoja, Mungu anisamehe, naona mzuri kuliko wa mwandishi.

Haya, nanyi mmeona nini, na wapi?

#2

Huo ni umbea, mkuu. Umbea wa kisomi, lakini umbea. Mwenzio anasoma zake, wewe una nini nae?

#3

Kaka, mie nitakwambia ukweli na usikasirike.

Nikipanda gari jioni kutoka chuoni Tunguu nimechoka hoi. Nikifungua kitabu sina nia ya kusoma, maana barabara na giza mnavijua. Nafungua nisisemeshwe. Kitabu ni pazia langu. Simu haifai, ukishika simu watu bado wanakuongelesha, tena wanakwambia upunguze mwanga. Sasa nyie mnaochungulia mnalifunua pazia.

Na hapa kwetu si kama miji ya watu. Hapa hakuna mgeni. Yule unayemuona humjui, anamjua mama yako.

Sikilizeni yaliyonifika. Nilikuwa nasomea mtihani wa sheria, kitabu kina herufi kubwa juu, TALAKA, huwezi kuikosa hata ukiwa upande wa pili wa barabara. Mama mmoja wa makamo mbele yangu, simjui, akanikodolea macho njia nzima. Tulipofika Mwanakwerekwe akaniinamia, akanishika mkono. "Mwanangu, vuta subira. Na mie yalinifika." Nikacheka, nikamwambia bi mkubwa, mimi hata sijaolewa. Akatikisa kichwa kama anayesema maskini anaficha, akashuka.

Nafika nyumbani mama yuko mlangoni, keshapigiwa simu na mama mdogo. "Kuna nini kwako?" Kwangu wapi? Nalala chumba kimoja na wadogo zangu watatu! Ilinichukua wiki kuisafisha habari ile, na bado kuna shangazi mmoja mpaka leo akinisalimia anaanza na pole.

Tangu hapo vitabu vyangu vyote vinavaa gazeti. Huyo mzee wako wa meli namuelewa mia kwa mia.

#4 – Mleta uzi

Dada wa Tunguu, nimecheka mpaka nimeamsha watu, lakini umenipata. Pazia sikuwahi kulifikiria.

Na kwa kuwa umesema la kwako, nami niseme la kwangu, nililoliruka hapo juu kwa sababu ya aibu. Gari ya mabenchi, imejaa. Mbele yangu dada mmoja kapakata mtoto mchanga, na kitabu kakiegemeza kifuani, anasoma kwa shida huku anambembeleza mtoto. Jina limefichwa na mtandio. Nikawa nangoja mtandio utikisike. Gari nzima imenyamaza, nasikia, "Kaka, kuna kitu umepoteza hapa?"

Nikajibu, tena kwa sauti, maana nilitahayari, "Natazama kitabu."

Konda akadakia kutoka mlangoni, "Siku hizi wanaita kitabu!"

Watu walicheka, wakuu. Nilishuka kituo kisichokuwa changu. Kitabu kilikuwa cha mapishi.

#5

Mimi nafanya kazi hotelini upande wa Paje. Wageni wanasoma wamelala chali, kitabu kiko juu hewani, huna haja ya kupinda chochote. Unapita na sinia la madafu unasoma majalada kama mtu anayekagua gwaride. Siku hizi wengi wana vile vibao vya kijivu vya kusomea, hivyo huoni kitu.

Wakiondoka wanaacha. Rafu yetu ina Kijerumani, Kiitaliano, Kipolandi, vyote vina mchanga katikati na madoa ya mafuta ya jua. Cha Kiswahili hakuna hata kimoja, na hoteli iko Zanzibar.

Oktoba 2021, mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi, ilipita muda kidogo wageni wakaanza kuja na vitabu vyake. Wananiuliza mimi: unamjua? Mtu kazaliwa hapahapa Unguja 1948, mimi nimezaliwa hapahapa Unguja, na jina lake nilikuwa silijui. Nikaitikia namjua sana. Usiku ule sikulala vizuri.

Mama mmoja Mjerumani akaniachia Paradise, ile ya 1994, kwa Kiingereza. Nikawa naisoma kwa mwendo wa kobe, kurasa mbili kwa usiku, nyingine narudia. Halafu nikapata Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, nikaanza upya. Sasa ilikuwa inakwenda! Naisoma kwenye gari ya mjini, mtoto wa kizungu kakaa jirani yangu, nikahisi kitu. Nageuka, shingo yake imepinda hivi, anasoma jalada langu. Akaona haya. Nikamuinulia kitabu juu alione jina vizuri.

Kwa hiyo mleta uzi, kuchunguliwa nako kuna raha yake. Inategemea nani na nini.

#6

Nimeishi London miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani. Kule nako wanachungulia, ila ni mabingwa wa kujifanya hawaoni. Tena zamani walirahisishiwa. Allen Lane alipoanzisha vitabu vya Penguin 1935, peni 6 kimoja, bei ya pakiti ya sigara, rangi ya jalada ilikuwa inataja aina: ya machungwa ni hadithi, kijani ni upelelezi, buluu ni maisha ya watu. Umekaa mwisho wa behewa, unaona kijani kule, unajua yule bwana anatafuta muuaji. Kindle, kile kibao cha kusomea, ilipozinduliwa 2007 ndio ikaanza kuua mchezo, maana majalada yote yakawa rangi moja.

Kuna watu wa kule ambao tangu 2012 wanaacha vitabu kwenye treni za chini ya ardhi kwa makusudi, vimebandikwa karatasi: kichukue, kisome, kiache tena. Nilipenda sana. Niliporudi nikasema na hapa nianze.

Nikapanda gari ya 502 ya Bububu, nikakiacha kitabu juu ya benchi, nikashuka. Sijafika hatua ishirini, konda ananikimbilia, gari imesimama katikati ya njia na honi zinalia nyuma. "Mzee! Kitabu chako!" Nikamshukuru, ningesema nini?

Siku ya pili nikaenda Forodhani, nikakiweka kwenye benchi nikaondoka kwa haraka. Kijana mmoja akanifuata mpaka Shangani, anahema. Safari hii nikajaribu kumueleza: nimekiacha kusudi, chukua wewe usome. Akanitazama kwa huruma. "Baba, unakaa wapi? Nikurudishe nyumbani?"

Nimekiweka kabatini. Atakaye anione.

#7

Mkuu #6, hahaha, hapa hata ndala huwezi kuitupa, utarudishiwa.

Mbona hamjataja Jaws Corner na mabaraza mengine? Pale gazeti moja linasomwa na watu kumi. Mmoja anasoma kwa sauti, mwengine anabisha kabla sentensi haijaisha, wa tatu anataka kurasa za mpira, muuza kahawa keshayajua yote tangu asubuhi. Hakuna wa kumchungulia mwenzake, maana hakuna anayesoma peke yake.

#8

Naomba kumjibu mleta uzi pale aliposema mwanafunzi "hajachagua, amechaguliwa". Mimi nilichaguliwa.

Kidato cha tano, Vuta N'kuvute. Mwezi wa kwanza nilikichukia kwa sababu tulikuwa tunaulizwa dhamira, muundo, mandhari, hatukuulizwa hata siku moja kama tumekipenda. Siku moja nasoma ukumbini, bibi anapepeta mchele, akanambia soma kwa sauti, unanung'unika nini. Nikaanza pale Yasmin anapomkimbia mumewe, mzee Raza, anakwenda kwa Mwajuma Ng'ambo.

Bibi akasimamisha ungo. "Huyo mtoto wa nani?"

Hadithi, bibi.

"Najua hadithi. Nauliza wa nani. Na huyo Mwajuma mtaa gani?"

Ikawa kila usiku baada ya Isha. Bibi mambo ya enzi ya Mwingereza ameyaona kwa macho yake, basi akawa anamsahihisha mwandishi. Hapa kasema kweli. Hapa kapaka sukari. Hapa mwambie hivi sivyo tulivyokuwa tukivaa. Kama mimi nina simu ya Adam Shafi! Nikayapeleka masahihisho darasani, mwalimu akasema yaandike pembeni, kwenye mtihani usiyatie.

Mtihani ulipokwisha nikataka kukirudisha kitabu. Bibi akakataa. Kakitia kwenye mkoba wake wa ukili na mpaka leo anatoka nacho. Sasa nyie mnaopinda shingo, mkimuona kikongwe wa buibui kwenye foleni ya hospitali kapakata kitabu cha kidato cha sita, mtasema nini? Bibi hizi herufi hazijui. Anasoma za Kiarabu tu, alizofundishwa chuo cha Kurani akiwa mtoto. Anakipakata, akikaa karibu nae msichana anayeonekana wa skuli, anamfungulia pale alipoweka alama ya unyasi. "Hebu mjukuu wangu, nisomee hapa kidogo."

Kwa hesabu yangu kishasomwa mara mbili, kipande kwa kipande, na watu asiowajua.

#9 – Mleta uzi

Nimeisoma #8 mara tatu. Neno langu la vitabu vya skuli nimelifuta, na kwenye orodha nimeandika namba 44: bibi, Vuta N'kuvute, kwa masikio.

Na wewe #2 uliyesema umbea, sikubishii. Lakini huwezi kukaa saa nzima magoti yako yamegusana na ya mtu mwengine usitake hata kujua yuko wapi kwa wakati huo. Mwili wake uko Kiembe Samaki, yeye mwenyewe yuko kwengine kabisa. Mimi nataka kujua wapi, basi.

Kuanzia leo nitauliza. Akinijibu vibaya au akikifunga, nitajua ni pazia, nitageuka dirishani.

#10

Samahani kwa kuchelewa, intaneti ya huku kwetu inakuja na kuondoka.

Mleta uzi, huyo mzee wa meli, uzi wa miwani yake ni mweusi, wa cherehani? Na kidole anacholamba ni gumba? Kama ndivyo, basi ni babu yangu, wa Wete. Kama sie, Pemba ina wazee wawili wa namna hiyo, na wala sitashangaa.

Niseme jambo ambalo sijamwambia mtu. Kurasa zile nilizichana mimi. Nilikuwa darasa la pili, nataka karatasi ya tiara, na za daftari zilikuwa nzito haziruki. Kitabu cha babu kilikuwa na karatasi nyepesi, imeshakuwa ya manjano. Nikachukua za mwisho nikidhani za mwisho hazina kazi. Tiara ilikwenda juu vizuri sana, ikanasa kwenye mkarafuu wa jirani, mvua ikaimaliza.

Babu aliuliza usiku ule, mara moja tu. Sote tukanyamaza. Hakuuliza tena, na sikumuona tena akikisoma kitabu kile mbele yetu. Nilidhani kakitupa. Kumbe anakisoma safarini.

Mwezi uliopita nimekipata kizima, mjini, kwa mtu anayeuza vitabu vikuukuu. Nilikuwa nimpelekee Idd hii. Nimesoma uliyoyaandika hapo juu, sasa sijui nifanye nini.

#11 – Mleta uzi

Rangi ya uzi sikuiona vizuri, taa ilikuwa hafifu. Kidole kilikuwa gumba.

Mpelekee. Kivishe gazeti kama anavyopenda mwenyewe, na zile kurasa za mwisho zishone pamoja kwa uzi, mshono mlegevu, akitaka akate, asipotaka aziache. Mwisho wa hadithi usimtajie.

Ila ya tiara mwambie kwanza.